Mstari wa Baba Mkwe

Chaki alikuwa hapiti katikati ya sebule. Miaka kumi na mmoja tangu amwoe Mama Pacha, akitoka chumbani kwenda jikoni aliambaa na ukuta, bega likisugua rangi mpaka ikabanduka, na akifika kwenye kabati la vyombo anageuka ghafla kuingia ndani, kana kwamba kuna beki amemwacha nyuma. Kitandani alilala ukingoni, mguu mmoja nje. Mkewe alishazoea. Wageni ndio walioshangaa, na Mama Pacha akawa anawaambia, "Mwacheni. Fundi cherehani kazi inampinda mgongo, mpishi ananuka vitunguu hata siku ya harusi, na wangu mimi ni mtu wa pembeni."

Mtu wa pembeni kweli. Misimu kumi na miwili alikuwa winga wa kulia wa klabu ileile moja, na hakuna siku aliyotoka uwanjani bila njumu yake ya kulia kuwa nyeupe kwa chokaa ya mstari. Ndiyo maana mashabiki wakamwita Chaki, na jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye vyeti. Sasa alikuwa na miaka thelathini na minne. Kwa mwalimu huo ni ujana, kwa mwenyekiti wa klabu ni utoto kabisa, lakini kwa winga, we acha tu, ni umri wa kutafutiwa fimbo.

Mkataba wake ulikuwa unaisha. Mwenyekiti, mtu mnene asiyependa maneno mengi, alimwita ofisini siku ya Jumatatu, akamwambia yaliyo moyoni bila hata kumkaribisha kiti.

"Mechi ya mwisho tunacheza hapa nyumbani, Jumamosi. Ukicheza kama unavyocheza nyumbani, nakuongezea mwaka mmoja hapohapo. Ukicheza kama unavyocheza ugenini, tushikane mikono, tuagane kwa wema."

"Si ni hapahapa nyumbani, mwenyekiti?"

"Ndiyo maana nimekuita nikiwa na furaha," mwenyekiti akasema, ingawa furaha yenyewe hukuiona popote usoni.

Mwaka mmoja. Usidhani ni tamaa. Pacha wake walikuwa na miaka sita, ndio kwanza wanaanza kuelewa kwamba yule anayepigiwa makofi na watu wote wale ni baba yao, huyuhuyu anayegombania nao nyama ya mwisho. Chaki alitaka waelewe mwaka mmoja zaidi. Na kusema kweli, aliogopa. Mtu aliyesimama pembeni maisha yake yote, ukimwondolea mstari, atasimama wapi?

Sasa hapo kwenye nyumbani na ugenini pana kioja. Nyumbani Chaki alikuwa moto wa kuotea mbali. Akipewa mpira anapiga krosi, na krosi inatua kwenye paji la uso la mshambuliaji wa kati, ambaye kazi yake ilibaki kufumba macho tu. Ugenini, mguu uleule, mtu yuleyule, krosi inadondoka njiani kama mzigo uliofungwa vibaya. Na si mara moja wala mbili. Misimu mitano mfululizo. Klabu ikakuna kichwa. Kwanza wakasema ni maji, wakawa wanambebea maji ya bomba la nyumbani kwenye madumu. Krosi hazikufika. Wakasema ni usingizi, wakabeba godoro lake. Hazikufika. Wakambeba na Mama Pacha, akakaa kwenye basi saa saba nzima akiwakaripia wachezaji kwa kutofunga mikanda, na krosi hazikufika vilevile.

Msimu uliopita kocha akaja na wazo lake. Alisema tatizo ni mlango. Chaki amezoea kuingia uwanjani kwa kupitia mlango mmoja, ule wa chumba cha kubadilishia nguo, na mwili wake hauujui mlango mwingine. Basi mlango ukang'olewa kwenye bawaba zake, ukapakiwa juu ya basi, ukasafirishwa. Kwenye geti la wenyeji mlinzi akawasimamisha, akasoma orodha ya vifaa: mipira kumi na miwili, jezi ishirini na tano, mlango mmoja.

"Huu mlango ni wa wapi?" akauliza.

"Wa kwetu," akajibu mtunza vifaa.

"Na huko kwenu mmeacha nini?"

"Tundu."

Mlinzi akafikiri, akaona hana kanuni inayokataza, akafungua geti. Wachezaji wawili wa akiba waliushika ule mlango wima pale pa kuingilia, Chaki akaufungua, akapita, akaufunga nyuma yake kwa adabu. Krosi ya kwanza ilimgonga mshika kibendera. Mlango ukarudishwa nyumbani, na tangu siku hiyo haufungi vizuri.

Nyumbani nako kulikuwa na mambo yake, ila hayo hakuna aliyeyatilia maanani. Mashabiki wa safu ya mbele walianza kulalamikia macho. Mwalimu mmoja mstaafu, aliyekalia kiti kilekile miaka ishirini, alisema wachezaji wa siku hizi wamekuwa wadogo mno. Akaenda kwa fundi wa miwani, akapewa miwani. Msimu uliofuata akapewa nene zaidi. Mwishowe safu nzima ikavaa miwani, na fundi akafungua duka la pili. Kocha naye alipoona hasikiki kutoka kwenye benchi, akanunua kipaza sauti cha mkononi. Wachezaji wa akiba wakiitwa kuingia, mpaka wafike mstarini walishapasha misuli kwa ule mwendo tu. Kila mtu alilaumu mwili wake. Binadamu ndivyo tulivyo, na hakuna aliyefikiria kuinama akaukagua uwanja.

Jumanne ikaja barua ya ligi. Kuna uwanja mahali fulani uligundulika una goli moja kubwa kuliko jingine, kwa hiyo ligi imeamua viwanja vyote vipimwe kabla ya mechi ya mwisho. Mkaguzi atafika Jumamosi saa nne asubuhi. Uwanja utakaokutwa umepungua, klabu itanyang'anywa alama na mtunza uwanja atafukuzwa. Mwenyekiti hakuona taabu. Akampa barua mtunza uwanja, akarudi kwenye shughuli zake.

Mtunza uwanja alikuwa baba mkwe wa Chaki. Mzee mkavu, mrefu, miaka thelathini kwenye kazi hiyo, akiishi kwenye vyumba viwili nyuma ya jukwaa, nyumba ya kazi, ambayo kazi ikiisha na yenyewe imeisha. Yeye na Chaki waliheshimiana kupita kiasi. Unajua mambo ya wakwe: mtu unaweza kukaa naye mwaka mzima msizungumze jambo. Hawa walikaa miaka kumi na mmoja na hawakuwahi kuzungumza mpira, hata mara moja, ingawa wote wawili walikuwa wanakula kwa mpira. Walizungumza nyasi.

Jumatano adhuhuri Mama Pacha alimtuma mumewe ampelekee baba yake chakula. Chaki akaingia uwanjani kwa kuambaa na ukuta, kama kawaida, akamkuta mzee amepiga magoti nje kabisa ya mstari, usawa wa boksi la penalti, anachimba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nyasi zimekunywa."

"Zimekunywa, baba."

Kwa kawaida mazungumzo yao huishia hapo. Lakini mzee alikuwa ameshika kigingi cha chuma, kimekula kutu, kina kitambaa chekundu, na nyuma yake kulikuwa na kingine, na kingine, vimefichwa kwenye nyasi kwa mpangilio kuelekea ndani ya uwanja mpaka kwenye mstari mweupe.

"Baba, hivi vigingi ni vya nini?"

Mzee akautazama mfuko wa chakula. Akaitazama mbingu. Kumdanganya mkwe ni kazi ngumu, maana huna mazoea naye ya kutosha.

"Vya mstari," akasema.

"Mstari upi?"

"Mistari. Hapa ulipokanyaga ndio mstari wenyewe, uliokuwepo siku ulipokuja kumchumbia binti yangu. Hivi vingine ni vya mistari ya baadaye."

Chaki hakuelewa. Akasimama kwenye kigingi cha nje, akafanya jambo alilokuwa akilifanya alipokuwa kijana mgeni klabuni: akatembea kuelekea boksi la penalti akihesabu hatua. Kumi na nane. Akarudi, akasimama kwenye mstari mweupe, mstari wake, ule uliompa jina, akahesabu tena. Nane.

Akarudi kwa mzee. "Nani aliusogeza?"

"Mimi."

"Lini?"

"Msimu wako wa nane, mechi ya tatu," mzee akasema, macho yake yakiwa kwenye nyasi. "Ulipiga krosi tatu, zote hazikufika. Kesho yake binti yangu akaja hapa analia. Akasema, baba, amejifungia bafuni tangu asubuhi, watoto wanataka kuoga. Sasa mimi ningefanya nini? Mguu wako siwezi kuurefusha. Nikasogeza mstari mita moja na nusu. Na upande wa pili nikasogeza hivyohivyo, nisionekane nina upendeleo. Nikasema ni mara moja tu."

"Mara moja tu."

"Ndiyo."

"Baba, vigingi ni vitano."

"Ulizidi kuchoka, mwanangu."

Haba na haba hujaza kibaba, na mita moja na nusu mara tano, pande mbili, zilikuwa zimemeza uwanja ukabaki wa kuchezea watoto. Chaki alihisi uso unawaka. Angekuwa mtu mwingine, kocha au mtunza vifaa, angemkaba shati. Lakini mkwe humkabi shati. Mkwe hata sauti humpandishii. Ikabidi hasira yote imezwe ilivyo, ikashuka mpaka tumboni ikakaa huko kama jiwe. Misimu mitano alitembea mitaani akipigiwa makofi, akijua mguu wake bado mzima, akimlaumu kila mwenye uwanja wa ugenini, akibeba madumu, godoro, mke na mlango. Kumbe viwanja vya watu vilikuwa sawa. Aliona haya, haya ya mtu mzima aliyekuwa akibebwa na hajui.

"Sasa mkaguzi," akasema.

"Nimeshampangia." Mzee akainuka, magoti yakalia. "Ijumaa usiku sitalala, nitaufuta huu, nichore mstari wa zamani. Akija atakuta mita sitini na nane, ataandika, ataweka sahihi. Halafu mwenyekiti atampeleka ofisini kunywa chai. Mechi ni saa kumi. Nina ndoo mbili za rangi ya kijani za kufutia. Nipe saa moja na nusu, mstari wako unarudi ulipo, unacheza, unapata mwaka wako."

"Na wakikukamata?"

"Watanifukuza," mzee akasema, kama anayesema mvua itanyesha. "Nitakuja kukaa kwenu."

Chaki akaiona picha hiyo: yeye anaambaa na ukuta huu, baba mkwe ameketi kwenye kochi, asubuhi hadi jioni, wanasalimiana kwa nyasi ambazo hazipo. Akaweka chakula chini, akaaga.

Alhamisi na Ijumaa hakumwambia mtu. Alikuwa akiwaza mwaka wake mmoja, unaopatikana kwa ndoo mbili za rangi. Kunyamaza tu, hakutakiwa kufanya lolote zaidi. Kisha anamwaza mzee akishuka zile ngazi za jukwaa na godoro kichwani mbele ya mashabiki. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga, lakini hawakusema nini cha kufanya ukishaizoea. Ijumaa jioni, katikati ya mawazo hayo, akajikuta amepita sebuleni katikati kabisa, kati ya meza na televisheni. Mama Pacha alidondosha mwiko.

"Baba Pacha, unaumwa?" Akamgusa shingo kama anavyowagusa watoto.

"Siumwi."

"Baba alikwambia nini Jumatano? Tangu utoke kule umekuwa kama umemwagiwa maji."

"Tulizungumza nyasi."

Mmoja wa pacha akainua kichwa kutoka kwenye daftari lake. "Baba, kesho watakupigia makofi?"

"Kula," akajibu Chaki, ingawa mtoto hakuwa anakula.

Jumamosi saa nne kamili mkaguzi akafika, kijana mwenye shati lililopigwa pasi na tepu ya kupimia kiunoni. Alipima magoli mara tatu kila moja, maana huko ndiko alikotumwa kuogopa. Upana alipima mara moja. Sitini na nane. Akapita na mguu juu ya nyasi, akamwambia mzee kwamba hajaona uwanja wenye pembe nzuri hivi, nyasi mbichi kama hazijawahi kukanyagwa. Mzee akasema asante. Hazikuwahi kukanyagwa, kwa kweli, misimu mitano. Mkaguzi akaweka sahihi, mwenyekiti akamshika bega, wakaondoka kwenda kunywa chai.

Chaki alikuwa amefika mapema, amekaa kwenye benchi kwa soksi, anatazama. Alimwona mzee akingoja mlango wa ofisi ufungwe. Alimwona akiinua ndoo ya kwanza ya kijani, akiifungua kifuniko kwa bisibisi, akichovya brashi ndefu. Alitazama nyuma mara tatu kabla ya kuinama. Hakuwa mwongo kwa tabia, mzee yule; alikuwa baba wa binti aliyelia.

Chaki akavuka, kwa soksi zilezile, akashika mpini wa brashi.

"Baba, acha."

"Muda ni mdogo, mwanangu."

"Acha mstari ulipo."

Mzee akamtazama usoni, labda mara ya kwanza tangu harusi. "Na mkataba?"

"Sijui."

"Na watoto?"

"Watoto bora wanione mimi nimechoka kuliko wakuone wewe unafukuzwa." Alisema hivyo, kisha akaona amezungumza na mkwe kama anazungumza na mtu tu, akainamisha kichwa. "Samahani, baba."

Mzee aliirudisha brashi ndooni, akafunga kifuniko, akakipiga ngumi mara mbili kikaze. Kisha akaenda kuchukua mashine ya chokaa, akaileta, akasimama upande mmoja wa mpini na upande wa pili akauacha wazi. Wakaisukuma pamoja juu ya mstari wa zamani, toka kona hadi kona, wakaupitia mara ya pili ukawa mnene kama nta ya mshumaa. Hawakuzungumza hata nyasi.

Saa kumi uwanja ukajaa, na mambo yakaharibika kuanzia dakika ya kwanza. Beki wa kushoto alisimama mita saba kutoka mstarini ameinua mkono anadai mpira wa kurusha, na mpira haujatoka. Wageni wakampita wanamshangaa. Timu nzima ya nyumbani ilikuwa ikifika pale ulipozoeleka mstari inasimama, kama kuku waliozoea banda, huku wageni wakijipigia pasi huko nje walikodhani hakuchezeki. Kocha akainua kipaza sauti chake kama kawaida, akapiga kelele, na mshika kibendera, ambaye sasa alikuwa hatua mbili mbele yake, akaruka na kudondosha kibendera. Refa alimpa kocha kadi ya njano kwa kosa ambalo hakuweza kuliandika vizuri.

Na ile safu ya mbele. Mwalimu mstaafu aliona wachezaji wamekuwa wakubwa ghafla. Akavua miwani, akaipangusa, akavaa. Wakawa wakubwa zaidi, wanazunguka. Akavua tena, akaona vizuri kabisa, bila kitu. Jirani yake naye akavua. Muda si mrefu safu nzima ilikuwa na miwani mapajani. Chaki alipokuja pale kurusha mpira, mwalimu alikuwa amekaa hatua tatu tu kutoka kwake, na kwa mara ya kwanza baada ya misimu mitano akamwona sura.

"Chaki," akasema taratibu, "kumbe una mvi?"

"Ninazo, mwalimu."

"Pole."

Krosi ya kwanza ya Chaki ilidondoka kabla ya boksi. Ya pili ikadunda mara mbili, beki wa wageni akaituliza kwa kifua na muda wa kuchagua pa kuipeleka. Kwenye jukwaa watu wakatazamana. Hii si ugenini, wakasema, hii ni hapahapa. Mtu mmoja akapaza sauti akauliza kama mlango uko mahali pake. Mtunza vifaa akakimbia kuangalia, akarudi akasema upo. Baada ya krosi ya nne mwenyekiti aliangalia saa. Baada ya ya tano akainuka, akachukua koti lake, na Chaki akamwona akiondoka, mgongo mpana ukishuka ngazi bila haraka. Basi, mwaka ukawa umeondoka na koti.

Mama Pacha alikuwa amekaa na watoto nyuma ya kona. Hakuwa anapiga makofi wala hakuwa amekasirika. Alimtazama mumewe kama anavyomtazama anapolala, na Chaki akajua kwamba huyu alijua amechoka siku nyingi, labda kabla ya wote.

Dakika ya sabini kibao cha mabadiliko kikaandaliwa, namba saba, namba yake, kwa nyekundu. Ilibidi mpira utoke kwanza. Haukutoka, ulikuja kwake. Pembeni, mstarini, njumu ya kulia juu ya chokaa, na mbele yake beki wa wageni, kijana mwenye mapafu mapya, ambaye alikuwa ameacha hata kumkimbilia. Anasimama tu mbali, anangoja krosi idondoke aende kuiokota. Hilo lilimuuma Chaki kuliko mgongo wa mwenyekiti. Beki kutokukimbilia ni tusi. Akausukuma mpira mbele, akakimbia mbio alizokuwa nazo, ambazo zilikuwa chache, akazitumia zote. Karibu na kona akaweka mguu wa kushoto chini, akapiga kwa wa kulia, na goti likalia kama bawaba za ule mlango.

Mpira ukapanda. Ukampita beki wa kwanza, ukampita wa pili. Kipa akaruka, akashika hewa. Ukafika nguzo ya mbali, kimo cha kichwa, taratibu, mahali penyewe hasa ambapo krosi ya winga hutakiwa kufika tangu mchezo huu uanze. Na hapo hapakuwa na mtu. Mshambuliaji wa kati, misimu mitano akizoea krosi za hatua nane, alikuwa amesimama nguzo ya karibu na macho ameyafumba. Mpira ukapita, ukaendelea na safari zake, ukatoka upande wa pili wa uwanja.

Jukwaa likacheka, likazomea. Kibao kikainuliwa.

Chaki akatoka palepale alipokuwa, maana ndipo palipokuwa karibu. Baba mkwe alikuwa amesimama nje ya mstari na ndoo yake ya chokaa, kofia mkononi. Chaki hakuwahi kumwona amevua kofia.

"Imefika," mzee akasema.

"Haikumkuta mtu, baba."

"Hayo ya mtu ni ya kocha. Mimi sizungumzii mtu, nazungumzia krosi. Miaka thelathini natazama wanaume wakipiga mpira kutoka kwenye mstari huu. Imefika, mwanangu. Hatua kumi na nane, na hakuna aliyekusogezea."

Ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya kwanza kuhusu mpira. Chaki akakaa chini palepale, juu ya chokaa mbichi, akalia mbele za watu, na lile jiwe lililokaa tumboni tangu Jumatano likatoka. Pacha waliruka uzio wakaja mbio, mmoja akamuuliza kama ameumia wapi, mwingine akakaa naye mstarini bila kuuliza. Mwalimu mstaafu akaanza kupiga makofi peke yake, taratibu, kisha safu ya mbele, miwani ikidondoka mapajani.

Alipoinuka, bukta yake yote ilikuwa nyeupe kwa nyuma. Mzee aliona, lakini mkwe hampangusi mkwe mahali kama hapo. Akampa kitambaa chake cha shingoni, akageuka pembeni mpaka Chaki alipomaliza.

Kisha akaenda kuchukua mashine, maana mstari ulikuwa umefutika pale walipokaa, akauchora upya palepale ulipokuwa.